Saa ya Moto ya Jiko Letu

Alhamisi. Ukungu haujainuka tangu alfajiri. Kipupwe cha Lushoto kinapenya mpaka kwenye mifupa, na sisi watu wa Tanga hatukuzaliwa na ngozi ya baridi hii. Nimekaa jikoni kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye joto. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto nimeulaza mezani, umefungwa kitambaa cheupe, nautazama kama mgeni ambaye bado hajasema kilichomleta.

Sijaandika humu kwa muda mrefu. Leo nataka niyapange, maana kichwani yamerundikana.

Nianze na jiko.

Nyumba hii tulipewa Baba Zubeda alipohamishiwa bomani kuwa karani. Kabla yetu alikaa Mzungu mmoja wa misitu, na alipoondoka aliacha jiko la chuma, zito, ambalo bila shaka hakuna aliyetaka kulibeba. Ubavuni lina tanuri, na kwenye mlango wa tanuri kuna kipimajoto cha duara chenye kioo, namba na mshale. Sisi tunakiita saa ya moto. Majirani walipoliona jiko lile walinipa pole. Mimi nililifurahia. Marehemu baba yangu alikuwa na tanuri la mikate kule Ngamiani, na mimi nimekua ndani ya harufu ya boflo.

Baba hakuwa na saa ya moto. Alinifundisha kutia mkono wa kushoto ndani ya tanuri, kwa kuwa wa kulia ni wa unga, kisha nisome Alhamdu kwa mwendo wangu wa kawaida. Mkono ukikataa mapema, moto ni mkali, subiri. Ukifika mwisho ukaitikia amin na mkono bado umetulia, moto ni mdogo, ongeza kuni. Ukishindwa katikati, hapo hapo, ingiza mikate. Tulipohamia hapa nilijaribu njia zote mbili, mkono na saa, vikawa vinakubaliana kama ndugu wa tumbo moja. Nikaoka mikate yetu, na ya nyumba chache za watumishi waliopenda kuniagiza.

Baada ya masika mwaka huu, vikaacha kukubaliana.

Ninawasha kuni za muwati, nangoja, natia mkono, nasoma mpaka amin. Moto mdogo. Naongeza kuni. Saa inasema moto umepita kiasi. Mimi ni binti wa mchoma mikate, nitaamini nini? Naamini mkono. Mikate inatoka juu makaa, katikati uji.

Mara ya kwanza nililaumu kuni. Ya pili nililaumu hamira. Ya tatu nikasema mbele ya mume wangu kwamba ile saa imekufa.

Baba Zubeda ni Msambaa wa Mlola, mtu wa maneno machache, na anapenda vyombo kuliko anavyopenda kupumzika. Alifurahi, nadhani. Alileta bisibisi, akaketi chini mbele ya jiko lililopoa, akaifungua saa. Nyuma ya mshale kuna kipande cha chuma chembamba kilichojikunja kama konokono. Akanieleza kwamba kikipata joto hujikunjua kidogo, na ndicho kinachosukuma mshale. Kilikuwa kimejaa masizi. "Kitu kikikaa kwenye moshi miaka yote hii, Mama Zubeda, lazima kichoke," alisema. Akakisugua kwa mafuta ya taa. Akakichovya kwenye maji ya moto, mshale ukapanda. Akakichovya kwenye maji ya mtungi, ukashuka bila kukwama. Akakirudisha mahali pake.

Mikate ikaungua tena.

Akajaribu njia nyingine. Alitandaza unga wa ngano kwenye kifuniko cha kopo, akauweka ndani ya tanuri wakati mimi nasema moto ni mdogo na saa inasema ni mkali. Kabla hajamaliza kufuta miwani yake unga ulikuwa rangi ya kahawa. Nikasema unga huo ni wa zamani. Akanitazama. Nikamwambia neno ambalo leo linanichoma: kwamba anaamini chombo cha Mzungu kuliko mkono wa mkewe.

Alipeleka habari kwa mdogo wake.

Shemeji Rashidi anafanya kazi kwenye kiwanda cha chai upande wa Bumbuli, kwenye mashine ya kukaushia majani. Jumapili alipata nafasi, akapita Mlola kumchukua mama mkwe, wakaja wote. Shemeji alikuwa amebeba kipimajoto cha kioo, kirefu, chenye zebaki, amekiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga. Alikiazima kwa ruhusa ya msimamizi wake, akatuonya tusikipumulie hata pumzi.

Kwanza walikitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Zebaki ilipanda ikasimama chini kidogo ya namba ambayo mume wangu alijifunza shuleni kuwa ndiyo ya maji kuchemka. Nikapiga makofi. "Hata hicho ni kibovu!"

Shemeji akacheka. "Hapana, shemeji. Huku milimani maji huchemka mapema kuliko kwenu pwani. Kiwandani tulifundishwa hivyo siku ya kwanza. Kingeonyesha namba ya pwani, hapo ndipo ningekitilia shaka."

Basi wakawasha jiko. Kioo kikaingizwa tanurini kwa kupitia upenyo wa mlango. Tukasimama wanne, mimi, mume wangu, shemeji na mama mkwe, tunautazama mshale unavyopanda na zebaki inavyopanda. Walikuwa wakisoma kwa sauti, mmoja huku mmoja kule. Namba zilikuwa zile zile. Moto ulipopungua, zilishuka pamoja. Ulipoongezwa, zilipanda pamoja.

Saa ya moto haikuwa na kosa lolote.

Mume wangu hakunicheka. Alisema tu, taratibu, "Mama Zubeda, tumeitafuta hitilafu kila mahali."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nilikunja mkono wa gauni. Nikasema vyote viwili vinadanganya, na nitawaonyesha. Nikafungua mlango, nikatia mkono wangu wa kushoto, nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa mwendo ule ule wa baba. Nilifika amin. Nikageuka kuwatazama kwa ushindi, mkono bado uko ndani.

Mama mkwe alisogea kando yangu akatia wa kwake. Hakufika hata Arrahmani. Alipiga yowe akaurudisha kifuani, kisha akanishika kiwiko akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mwanangu! Huumwi?"

"Siumwi, mama."

Akanyanyua mkono wangu kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kidole kidogo ngozi ilikuwa imebadilika rangi, na malengelenge yalikuwa yanainuka huku tunaangalia. Nilisikia harufu kabla ya kusikia kitu kingine chochote. Maumivu hayakuja. Nilisimama nikiyangoja, kama mtu anayengoja radi baada ya kuona umeme, na hayakuja.

Mama mkwe akawaambia wanawe watoke. Aliwaambia kwa Kishambaa, maneno mawili tu, na wakatoka wanaume wazima bila kuuliza.

Akaniketisha kwenye kigoda. Akaenda uani akarudi na unyoya wa kuku. Akasema nifumbe macho, na kila nitakapoguswa niseme nimeguswa wapi. Nikafumba. Nikasikia kuni zinalia jikoni, nikamsikia Zubeda anazungumza na shemeji huko nje. Nikangoja. Nilipochoka nikamwambia, "Anza basi, mama."

"Nimekwisha, mwanangu," alisema. "Fumbua macho."

Sitaisahau sauti ile.

Akaniuliza kama nina baka lolote mwilini. Nilikuwa nalo, nyuma ya mkono juu ya kiwiko, la rangi hafifu, limekauka, haliwashi. Nililiona tangu kabla ya Ramadhani nikalipaka mafuta ya nazi nikidhani ni mba. Aliligusa kwa ncha ya kidole. Hakusema jina la ugonjwa, na mimi sikuuliza. Kwetu pwani wazee husema matana. Nilipokuwa mdogo tulikatazwa hata kulitamka chakula kikiwa mbele yetu.

Wanaume waliporudi aliwaambia nimeungua, basi. Mume wangu aliusafisha mkono kwa maji ya chumvi, na nikajifanya kuuma meno.

Jumatatu asubuhi tuliondoka mimi na mama mkwe, tukasema tunakwenda kutafuta dawa ya moto. Tulitembea hadi hospitali ya misheni. Tulipokelewa na mganga msaidizi, Mbondei, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinifanyia kama alivyofanya mama mkwe, ila yeye alitumia pamba badala ya unyoya. Kisha akaleta chupa mbili ndogo, moja ina maji ya moto na nyingine ya baridi, akanigusisha upande wa mkono huku nimegeuza uso. "Ya moto ni ipi, dada?"

Nilitamani sana kupata jibu sahihi. Nilijibu kwa kubahatisha, nikakosa.

Alitafuta kitu kwenye kiwiko changu kwa vidole, upande wa ndani, akakibonyeza. Kilikuwa kinene kama kamba ya kitanda; alisema ni mshipa wa fahamu. Mwisho akanichuna kidogo kwenye ncha ya sikio, akapaka majimaji yake kwenye kioo cha darubini, akasema turudi Alhamisi.

Kwa siku hizo zilizobaki nilimwacha Zubeda alale na bibi yake na kusema nina mafua. Nilimpa maziwa kwa kikombe cha bati bila kumpakata. Ana miaka mitatu. Aliniuliza amekosa nini.

Leo ndiyo Alhamisi.

Yule mganga alitufungia mlango, akatupa viti. "Dada, ni ukoma," alisema. "Nalitaja jina makusudi. Watu wakiondoka hapa bila jina huogopa mara mbili." Akaeleza kwamba wa kwangu ni wa namna isiyo na vijidudu vingi, kwamba kwenye kile kioo hakuona hata kimoja, na kwamba hana sababu ya kunipeleka kwenye kambi ya wenye ukoma. Nitakunywa vidonge nikiwa nyumbani kwangu. Si kwa mwezi wala kwa mwaka mmoja, lakini ugonjwa utasimama.

"Na mkono?" nikauliza.

"Fahamu iliyokwisha kufa siwezi kukuahidi itarudi. Uangalie kwa macho. Usiutume tena mahali penye moto."

Halafu akasema lile nililokuwa naliogopa tangu Jumapili. Nyumba nzima ije ipimwe. Mtoto kwanza.

Nilishika ukingo wa meza. Zubeda nimembeba kwa mkono huu. Nimemlisha, nimemwosha, nimemlaza juu yake akiwa na homa.

Njiani kurudi tulipumzika penye kivuko cha mto, na mama mkwe ndipo alipozungumza. Alisema dada yake alijengewa kibanda nje ya mji, nyuma ya migomba, kwa ugonjwa huu huu. Chakula walikiacha juu ya jiwe. "Alikuwa anaimba ili tujue bado yuko," alisema. "Siku moja hatukumsikia." Kisha akanisihi nisimwambie mtu yeyote, hata mwanawe. Nimeze vidonge kwa siri, niseme mkono uliungua na mshipa ukakatika. Yeye atanisaidia kudanganya. Alisema hivyo kwa mapenzi, naapa.

Nikamwambia, "Na Zubeda, mama? Tutampeleka kupimwa tukisema anaumwa nini?"

Tulinyanyuka tukaenda.

Baba Zubeda alikuja kula mchana. Nilimngoja anawe, asali, aketi, na nilipoona sitapata wakati mzuri nikamwambia wakati mbaya. Nilisema sentensi fupi fupi. Jina nililisema kama yule mganga alivyonifundisha, waziwazi. Nikamwambia na habari ya mtoto.

Alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani.

Nikaanza kuhesabu vitu vyangu moyoni: sanduku, mashine ya kushona, kanga za mama. Najua mabasi ya kwenda Mombo yanaondoka saa ngapi. Najua kaka yangu Tanga atasema nini akiniona mlangoni.

Kisha aliuliza jambo moja tu. "Inauma?"

"Haiumi," nikasema. "Ndio ugonjwa wenyewe."

Akainuka akatoka bila kofia. Ukungu ulimmeza kabla hajafika langoni. Hakurudi bomani, nilijua baadaye. Mama mkwe alitandika mkeka uani akasali, akakaa hapo hapo na tasbihi. Mimi nilikuja jikoni nikakoroga majivu ya jiko ambalo wakati huo halikuwa na moto, kwa sababu mikono inataka kazi, hata ule mmoja.

Alirudi karibu na alasiri, viatu vina matope mekundu mpaka kwenye vifundo. Alikwenda chumbani. Nikasikia anavuta godoro dogo, lile la wageni, analipeleka sebuleni. Nilikaa nikalisikiliza likiburuzwa sakafuni. Sikulia. Nilifikiri, hivyo ndivyo kunavyoanza. Kibanda huanza na godoro.

Ulikuwa wakati wa kubadilisha kitambaa cha mkono. Nilimfuata mama mkwe uani nikamwomba anifunge. Akasema macho yake hayaoni vizuri siku hizi, nimwite mume wangu. Macho hayo hayo asubuhi yalitoa mwiba kwenye unyayo wa Zubeda. Nilimtazama, akageukia tasbihi yake.

Sikumwita. Mama mkwe ndiye aliyemwita, kwa sauti kubwa, kwa jina lake la utotoni.

Alikuja akasimama mlangoni. Mama yake akamwonyesha beseni. Alinawa, nami nikanyoosha mkono huku nimegeuza uso, kwa kuwa nilijua nikimwona akisita sitaweza kumsamehe. Alikifungua kitambaa cha zamani. Alichukua kipya akaanza kuzungusha, mzunguko baada ya mzunguko, kama anavyofunga mafaili ya ofisi kwa utepe. Sikusikia vidole vyake. Kwenye mkono wa juu nilisikia pumzi yake.

"Nimekaza sana?" aliuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui.

Alisimama kidogo. Kisha akauinua mkono wangu mpaka karibu na miwani yake, akazitazama kucha zangu. Zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Akafungua kila kitu, akaanza upya, na kila mzunguko alikuwa anasimama kuzitazama kucha, anabonyeza moja, anangoja damu irudi, ndipo aendelee. Ilichukua muda. Alipomaliza hakuuachia mara moja.

"Nimemtuma mtu bomani kuniombea ruhusa," alisema. "Kesho tutampeleka mtoto. Na mimi nitapimwa."

Nikauliza habari ya godoro. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza bei ya viazi. Alisema amemtandikia mama yake sebuleni, kwa kuwa kitanda cha Zubeda hakiwatoshi wawili na bibi analala amejikunja tangu Jumapili.

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Sijui kama ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake alipokuwa analivuta lile godoro, au ameyapata pale uani, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Sitamwuliza. Mtu aliyechagua neno jema apewe nafasi ya kuishi nalo.

Siyo kwamba hofu imekwisha. Majirani watajua, maana mji huu ni mdogo na barabara ya misheni ina macho. Wanaoniagizia mikate watatafuta sababu za kutokuja, na wengine hawatatafuta hata sababu. Na mume wangu ana siku nyingi mbele yake za kuwa jasiri, si hii moja. Huenda siku moja atachoka. Huenda mimi nitachoka kwanza.

Nimemeza kidonge cha kwanza. Kina uchungu kidogo ulimini, basi.

Zubeda amesikia kwamba kesho tunasafiri sote na bibi pia, akadhani ni sherehe. Ametoa gauni lake la Idi, lile la manjano, amelitandika juu ya kiti na amekataa lirudishwe sandukuni. Nimemwacha alivae. Alipokuja kunionyesha nimempakata kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, nikamzungushia mkono wa kulia, kisha na wa kushoto.

Ya Rabi, mimi nimekubali. Niepushie mtoto tu.